Masanduku Mawili katika Chumba cha Nana

Sanduku langu halikuwa na sura. Bati lake lilikatwa kwenye ubavu wa friji bovu, likakunjwa na mchomeleaji mmoja wa Suame, mtaa wa mafundi, aliyeniuliza mara tatu kama natengeneza mtego wa panya. Ndani yake niliweka kompyuta kuukuu niliyoiokoa kwenye rundo la vyuma chakavu kule Adum, ninakotengeneza simu na kompyuta za watu. Nikaitia diski mbili kubwa, kisha nikaketi miezi mitatu kuandika programu ya kuiendesha. Sikuchukua programu ya mtu. Ilikuwa mistari mia mbili na kumi na minne, yote yangu. Mtu wa nyumba yetu akirudi na simu yake jioni, picha zake zilisafiri zenyewe hadi kwenye sanduku, zikapangwa kwa mwaka na mwezi, na kila alfajiri diski ya kwanza ilijinakili kwenye ya pili. Hakuna kampuni ya ng'ambo iliyotushikia nyuso zetu.

Sanduku lilikaa chumbani kwa Nana Pokuaa, bibi yetu, kwa sababu betri ya sola iliyofungwa kwa ajili ya friji ya dawa zake ilikuwa mle. Umeme wa Bantama, mtaa wetu, ukikatika, nyumba nzima ya ukoo ilizimika, vyumba kumi na kimoja kuzunguka ua, isipokuwa chumba cha Nana. Humo feni iliendelea kuzunguka, na sanduku langu liliendelea kupepesa taa yake ya kijani.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nana ndiye aliyekuwa mtunza kumbukumbu wa ukoo. Alikuwa na begi la ngozi lililojaa picha tangu enzi za mama yake, na kichwani alikuwa na majina ya watu wote waliozaliwa kwa tumbo la kina mama zetu, vizazi saba kwenda nyuma. Begi lile lingepewa mtu. Sikutaka kulirithi baadaye kwa kusukumana. Nilitaka Nana atamke mwenyewe kwamba kumbukumbu za nyumba hii zimekwenda kwa Akyaa.

Ndipo Birago akarudi kutoka Accra.

Birago ni binti wa Mama Mkubwa Dufie, kwa hiyo kwetu ni mdogo wangu wa damu, hakuna cha binamu. Ofisi yake ilikuwa imefungwa, naye akasema atakaa nyumbani amwangalie Nana. Wiki ya pili akaja na kisanduku cheusi kisichozidi mkate wa sukari kwa ukubwa, diski mbili mpya zilizonunuliwa siku moja kwa muuzaji mmoja, na programu ya bure iliyotengenezwa na watu asiowajua. Aliiweka kwa saa moja na nusu, huku akila karanga. Nilikuwa mlangoni nikitazama. Aliulizwa swali kwenye skrini, akabonyeza ndiyo. Akaulizwa jingine, akabonyeza ndiyo. Mambo yaliyonichukua miezi mitatu aliyapata kwa kubonyeza ndiyo.

"Da Akyaa," aliniambia bila kugeuka, "anayetaka kula fufu halazimiki kuchonga kinu."

"Na wa kinu cha kuazima," nikamjibu, "hutwanga kwa saa za mwenye kinu."

Alicheka. Birago hucheka vizuri, hilo nalo lilinichoma.

Nisijifanye mtakatifu wa programu. Yangu ilikuwa na ila. Kamera za simu zikifutwa huanza kuhesabu picha upya, na mimi sikulifikiria hilo. Picha mbili zenye namba moja zilipokutana, mpya iliifunika ya zamani. Hivyo ndivyo picha za siku ya kumpa jina mtoto wa kaka yetu zilivyomezwa na picha za mbuzi wa Krismasi. Nilirekebisha siku hiyohiyo, lakini Mama Mkubwa Dufie hakuiacha. Kila nikipita uani alikuwa akiuliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Akyaa, yule mtoto wetu uliyemgeuza mbuzi, anakula majani au tumpe uji?"

Programu ya Birago haikumgeuza mtu mbuzi. Tena ilijua nyuso. Ukiionyesha picha ya mtu mmoja mara mbili tatu, ilimtafuta katika maelfu mengine ikamkusanya, kuanzia utotoni hadi uzeeni. Birago aliiunganisha na televisheni ya Nana. Basi kila siku baada ya chakula cha mchana nilisikia vicheko kutoka chumba kile. Nana alitaja jina, Birago akabonyeza, na mtu aliyekufa miaka ishirini nyuma akatokea ukutani na suruali yake pana. Nana alipiga mapaja. Alimwambia Birago hadithi ya kila uso. Mimi nilipokuwa nikiingia kukagua sanduku langu, alinitazama kama anavyotazamwa fundi wa bomba: kwa heshima, na kwa kungoja atoke.

Nana alikuwa na desturi ya kumenya machungwa mwenyewe, kwa wembe, ngozi ikitoka kama utepe mmoja, kisha anakata kifuniko juu ili mtu afyonze. Chungwa la kwanza lilikuwa langu tangu nina miaka minne. Siku moja niliingia nikakuta Birago analifyonza. Nana akanimenyea la pili. Lilikuwa tamu vilevile. Nililila nimesimama, nikatema mbegu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku hiyo Birago aliniomba jambo. Alikuwa ameanza kurekodi sauti ya Nana: majina yote ya ukoo, nani alizaliwa na nani, nani alihamia Mampong na kwa nini, wimbo gani uimbwe kwa maiti ya tawi gani. Akataka masanduku yetu mawili yanakiliane. La kwake libebe vitu vyangu, langu libebe vyake, ili moja likifa jingine libaki. Lilikuwa wazo zuri. Mimi ndiye niliyepaswa kulitoa.

"Langu halibebi mizigo ya watu," nikasema.

"Mizigo ya watu? Ni sauti ya Nana, dada."

"Si una programu inayojua kila kitu? Iambie ijitunze."

Akarudi kwenye kisanduku chake. Alifanya jambo baya zaidi. Programu yake ilitaka anwani ya barua pepe ya kupelekea maonyo endapo kitu kitaharibika, naye, kwa kuwa ya ofisi ilikuwa imefungwa, akaandika yangu. Alinijulisha kwa ujumbe mfupi wa simu. Sikuuliza sababu. Nilijiambia ananitupia kazi yake ya kufagia.

Onyo la kwanza lilikuja Jumatatu moja ya mwanzo wa mvua. Lilisema diski ya pili ya kisanduku cheusi imeanza kuumwa, ibadilishwe. Nililisoma dukani, mbele yangu kuna simu ya mteja imefunuliwa matumbo. Nilijua maana yake kuliko Birago angeweza kuijua. Diski mbili zile zilikuwa mapacha, kila kitu kikiandikwa kwenye zote mbili. Mmoja akianguka, mwingine anabeba peke yake. Ilitosha kuvuka ua na kusema maneno matano. Badala yake nilijisemea: acha ianguke. Acha aje kwangu siku moja na kisanduku chake mkononi, mbele ya mama yake, mbele ya Nana, aseme dada nisaidie.

Programu ile ilikuwa na adabu ya kukera. Kila Jumatatu ilinikumbusha. Baada ya onyo la tatu niliandika mstari mmoja kwenye kompyuta yangu, ili barua zote zitokazo kwenye kisanduku cheusi ziende kwenye folda ambayo siifungui. Ndiyo, niliuandika kwa mkono wangu, kama ile mistari mia mbili na kumi na minne. Ulifanya kazi bila ila.

Nana Pokuaa alifariki Jumanne, hospitalini, asubuhi. Hakuumwa sana. Alikuwa ameomba maji, akaletewa, akawa ameshakwenda.

Kabla ya adhuhuri Mjomba Bediako, mkuu wa ukoo wetu, alifika na wazee wawili kufanya linalofanywa. Chumba cha marehemu hufungwa, na ufunguo hukaa kwa mkuu wa ukoo mpaka mazishi yapite na mrithi atajwe. Hakiingii kijiko, hakitoki kitambaa. Hivyo hakuna atakayesema kanga fulani au mkufu fulani umeondoka kabla ya machozi kukauka. Mjomba alichungulia chumba kizima. Aliposikia feni na mashine zinaunguruma, uso wake ulikunjamana.

"Chumba cha marehemu hakiachwi kikinong'ona," alisema, na akaivuta swichi ya betri kwa mkono wake mwenyewe. Taa yangu ya kijani ikazimika. Ya bluu ya Birago ikazimika. Akapiga kufuli, akafunga ufunguo kwenye pindo la nguo yake nyeusi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefumbua mdomo. Mnaweza kuuliza ni mtu gani mwenye akili anayeweka kumbukumbu zote za ukoo katika chumba cha mwanamke wa miaka themanini na tisa, katika mji ambao vyumba vya wafu hufungwa. Nami nawajibu: sisi wawili, mafundi wawili, na tulikuwa tukigombana ni nani mwerevu.

Alhamisi mambo yakabana. Jumanne iliyofuata ilikuwa kikao cha wiki moja, siku ambayo ukoo hukaa, tarehe ya mazishi hutangazwa, na bango la msiba lenye picha ya marehemu hutundikwa. Bango hilo hubeba majina: watoto, wapwa, wajukuu, matawi yote. Jina moja likisahaulika, tawi zima haliji, au linakuja na mdomo wa lawama. Mpiga chapa alitaka orodha Jumatatu. Wazee walianza kuitaja kwa kichwa na kufikia tawi la Mampong wakakwama, kila mmoja na orodha yake. Mwenye orodha kamili alikuwa Nana. Na Nana alikuwa ameiacha kwenye kisanduku cheusi, nyuma ya kufuli.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwa Mjomba Bediako: Birago, Mama Mkubwa Dufie na mimi, na chupa ya jini, pombe ya tambiko. Birago alieleza. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mzee Pokuaa aliingia mwenyewe ndani ya hilo sanduku au walimkunja. Mama Mkubwa alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Kisha mjomba akatoa uamuzi. Angefungua mara moja, mbele ya mashahidi, baada ya kuwamwagia wahenga pombe ile. Kingetoka kitu kimoja na kingerudi kimoja. Visingetoka viwili, kwa sababu vikitoka viwili, kesho mtu atasema vilikuwa vitatu.

Tulisimama mbele ya mlango. Jini ilimwagwa, maneno yakasemwa, kufuli ikafunguka. Harufu ya Nana ikatoka, mafuta ya nazi na maganda ya machungwa. Birago akafuta macho.

"Haya, kitoke kipi?" mjomba akauliza.

"Cheusi," Birago akasema. "Sauti yake imo humo. Nikikiwasha tu, dakika tano mnayo majina."

Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua ile folda, usiku wa Alhamisi. Barua zilikuwa nane. Ya nane ilisema diski ya pili imekufa, na ya kwanza imeanza kuwa na madoa. Nilijua Birago akikiwasha, programu ile yenye adabu ingeanza kwanza kujikagua, kuisugua diski ile moja iliyobaki toka mwanzo hadi mwisho kwa saa nyingi, na diski mgonjwa haistahimili kusuguliwa. Ingemfia mikononi. Angeaibika mbele ya wote. Nami ningesimama kando na sanduku langu la bati la friji ambalo halijawahi kufa. Nililitamani jambo lile. Nasema ukweli, nililitamani hata pale, na harufu ya Nana ikiwa puani.

"Usiwashe," nikasema.

Wakanigeukia.

"Diski zake zinaumwa. Moja imekufa, nyingine inakufa. Ukiwasha kwa kawaida unaimaliza."

Mama Mkubwa Dufie akauliza nimejuaje, chumba kikiwa kimefungwa na mimi si mganga. Nikasema maonyo yalikuwa yakija kwangu.

"Tangu lini?" Birago akauliza.

"Wiki nane."

Alinitazama. Sikuona hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma neno analolijua mahali asipolitegemea.

"Nilikuandika wewe," alisema taratibu, "kwa sababu wewe ndiye fundi. Mimi najua kubonyeza tu."

Mama Mkubwa alifungua mdomo. Najua alichotaka kusema; alikuwa na haki ya kukisema chote. Mjomba Bediako akainua mkono. Alisema matusi ya ukoo yana siku yake, baada ya mazishi, na kwamba nitaitwa siku hiyo. Kisha akaniuliza kama sauti inaweza kupatikana. Nikamjibu inaweza, kama nitaachiwa mimi, na kama Birago atanipa maneno yake ya siri.

Birago akanipa. Aliyaandika kwenye kiganja changu kwa kalamu, mbele ya watu, kama anavyoandikiwa mtoto namba ya nyumbani.

Tulifanya kazi uani, juani, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Niliitoa diski iliyobaki bila kuiwasha ndani ya kisanduku chake. Ukiichomeka diski ile kwenye kompyuta ya kawaida huoni kitu, maana programu yake huandika kwa mpangilio wake yenyewe. Zangu ningezichomeka popote zikasomeka. Siku nyingine ningelisema hilo kwa sauti. Niliiunganisha na diski mpya kutoka dukani kwangu, nikaanza kuinakili nzima kama ilivyo, chembe kwa chembe: kwanza sehemu nyepesi, zile zenye madoa nikiziruka na kuzirudia baadaye, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Hiyo haina kitufe cha ndiyo. Birago aliketi pembeni akipepea diski kwa kipepeo cha ukili ili isipate moto. Alipepea saa tano bila kubadilisha mkono.

Alasiri tuliiweka nakala kwenye kisanduku cheusi, tukakiwasha. Rekodi zilikuwa kumi na moja. Sauti ya Nana ikatoka uani, na wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wakaacha. Majina yakamiminika. Tawi la Mampong likatoka lote, mpaka mtu mmoja aitwaye Kwabena Sarfo ambaye hakuna aliyemkumbuka, na ambaye wajukuu zake tisa wangekuja na mdomo. Mjomba Bediako aliandika kwenye daftari huku akitikisa kichwa.

Rekodi ya kumi na moja ilikuwa ya siku za mwisho. Nana alikuwa akikohoa. Alimaliza nyimbo, akataka maji, kisha akasema, akicheka kidogo, "Na lile begi langu la picha, pamoja na hayo masanduku yenu yanayopepesa macho, nataka yakae kwa…"

Kisha ikaja sauti kama mchanga kwenye bati. Dakika mbili za mchanga. Halafu Nana akarudi, akiagiza supu ya njugu isitiwe pilipili nyingi siku ya mazishi.

Niliirudisha. Mchanga. Nikaichomoa nakala, nikaichomeka diski ya asili, nikaipitia sehemu ile mara arobaini. Madoa yalikuwa hapo hasa. Diski ilitoa sauti kama ya kukwaruza kucha, ikanyamaza, haikuamka tena. Kama ningesema wiki nane nyuma, maneno yale yangeandikwa mazima kwenye diski mbili, na kama ningeubeba mzigo wa watu yangekuwa kwenye nne.

Mjomba Bediako alifunga daftari. "Birago," alisema, "wewe ulikuwa naye. Alimtaja nani?"

Nilitazama kiganja changu, maneno ya siri yakiwa yamechujuka kwa jasho. Moyoni nilikuwa tayari. Angejitaja, na ningelazimika kuinamisha kichwa, na maisha yangu yote ningejiambia alidanganya. Kwa aibu yangu, wazo hilo lilinipa ahueni.

"Alimtaja da Akyaa," Birago akasema.

Mama Mkubwa Dufie akamwita bintiye jina lake kamili, kwa ukali. Birago hakugeuka. Alikuwa akikusanya nyaya, akizikunja moja moja.

Basi begi la ngozi liko kwangu. Mazishi yalipita, matawi yote yalikuja, matusi yangu niliyapokea siku yake nikalipa kondoo wa fidia. Masanduku yote mawili yamo chumbani mwangu sasa, yananakiliana kila alfajiri. Maonyo hayaendi tena kwenye barua pepe ya mtu. Nimefunga honi ya pikipiki juu ya mlango, diski yoyote ikiumwa inalia ua mzima, na atakayekuwa karibu anakwenda. Birago ndiye hufika wa kwanza.

Nilimuuliza mara moja tu, tukiwa tunamenya machungwa, kama ni kweli.

"Nikikwambia ni kweli, utaniamini?" akasema.

"Sijui."

"Basi kula chungwa."

Kama Nana alinitaja, nilipewa nilichokitaka, nikakiua mwenyewe kabla sijakisikia. Na kama hakunitaja, basi Birago alinipa chake, mbele ya watu, muda mfupi baada ya kujua nilichomtendea. Huwa nalala nikiomba iwe ile ya kwanza. Kwa sababu ikiwa ni ya pili, mdogo wangu ana kitu kingine tena ambacho mimi sina, na hicho nacho nakionea wivu.